Bima ya Jana

Nyumba ni ya vyumba viwili, huko Utawala,
na mlimau mmoja alioucha nyuma muuzaji
kwa kuwa mti haupandi lori.
Nimeipima kwa hatua zangu: kumi na nne kwa tisa.
Nimefungua kila bomba. Nimegonga kuta
kama daktari anavyogonga kifua.
Ukuta uliitika vizuri.

Karatasi ndizo sikujua kuzigonga.

Wakili, Bi. Mutheu, alileta majibu ya upekuzi:
mhuri wa zambarau, tarehe, sahihi inayoukimbia mstari,
na maneno matatu ya kunituliza:
hakuna zuio lililosajiliwa.
"Lililosajiliwa," akarudia, kidole juu ya neno,
"si sawa na lililopo."

Ndipo akamwita Lemayian wa kampuni ya bima,
kijana wa tai fupi na kalamu mbili,
tukaketi ghorofa ya tatu, Mtaa wa Biashara,
chini ya feni inayolia kila ikimaliza mzunguko.
Akasema bima nyingine hutazama mbele:
moto utakaowaka, gari litakalogongwa, siku utakayolazwa.
Hii ya hati hugeuza shingo.
Hulipi kila mwaka. Unalipa mara moja, siku ya kununua,
na kinachokatiwa bima ni jana:
sahihi iliyoghushiwa kabla hujalijua jina la mtaa,
deni la benki lililolala ndani ya jalada,
jiwe la mpaka lililotembea usiku,
mke ambaye hakuulizwa.
"Na warithi," akasema, akifunua ukurasa,
"wale walioachwa nje ya orodha. Hao ndio wengi."

Nikamwomba arudi hapo.

"Tuseme mzee amefariki. Watoto wanaenda kwa chifu,
barua inaandikwa, mmoja hatajwi.
Shamba linauzwa. Linakatwa vipande. Linauzwa tena.
Miaka ishirini baadaye anatokea mtu langoni
na cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki."
"Mnamfanyaje?"
"Tunamwekea mteja wakili. Tukishindwa, tunamfidia mteja."
"Namuulizia yule wa langoni."
Akazitazama kalamu zake.
"Yule," akasema, "si mteja wetu."

Feni ikalia.
Bi. Mutheu, anayenijua kwa kitambulisho tu,
alidhani nahesabu pesa.

Baba yangu, Kang'ethe, alizikwa Waithaka mwezi wa mvua,
na barua ya chifu ilitaja watoto watatu,
wote wa kunyoa ndevu.
Mimi na Wangechi tulikuwa jikoni
tukimenya viazi vya waombolezaji
orodha ilipoandikwa sebuleni.
Hawakughushi hata sahihi zetu. Hazikuhitajika.
Leo pale pana ghorofa,
na kwenye roshani zake huanikwa sare za watoto
ambao hawajui jina langu
na hawajanikosea lolote.

Basi bima hii nimeielewa, kijana,
kuliko ulivyonieleza.
Ndani ya kabati la mtu fulani, chini ya shuka za wageni,
mimi ni kifungu cha nne, herufi ndogo,
ile hatari ambayo mtu alilipa
ili alale.

Nami nililipa.
Miaka kumi na mmoja ya kupika uji wa shule pale Donholm,
senti za chama, zamu za likizo,
siwezi kuziacha nje bila mwavuli.
Nikaandika jina lote, Nyaguthii wa Kang'ethe,
nikaikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka kidogo
kwenye jina la baba.

Jumamosi nimehamia.
Nimetundika pazia, nimechuma limau moja, chachu kweli.
Jioni ndipo nimekumbuka
sikumuuliza muuzaji ana dada wangapi.
Nimelifunga lango. Nimelifungua tena,
upana wa mtu mmoja,
nikasimama pale
mpaka nikasikia chai ikimwagikia jiko.